Shahada ya Nambozo, Ng'ombe wa Gidudu

Waliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita wasijilaumu. Taabu za Nambozo hazijahama. Ziko palepale Mpumudde, mjini Jinja, zinamsubiri yeye na zinakusubiri wewe.

Kwa ufupi tu, ili twende pamoja. Nambozo, binti wa mzee Wamboga wa Busiu, alisoma saikolojia chuo kikuu akapata shahada. Ada ya mwaka wa kwanza ililipwa na mahindi. Ya miaka miwili iliyofuata ilikopwa kwa Hajati Nulu, mwanamke wa Kiislamu anayeuza mchele kwa magunia pale Namakwekwe, Mbale, na mzee Wamboga akaweka shamba lake la migomba rehani. Ilipopungua pesa ya mtihani wa mwisho, mzee akauza na ng'ombe.

Sasa ng'ombe yule hakuwa ng'ombe wa hivihivi. Alikuwa salio la mahari ya mama yake Nambozo, alikuwa anangoja kupelekwa kwa mjomba. Kumbukeni hilo, tutalihitaji.

Kazi alipata, tusimwonee. Alikuwa mshauri wa watoto waliotekwa na waasi wakarudi kutoka porini, kwenye mradi mmoja kule Soroti, na mshahara ulikuwa wa kuheshimika. Mwaka haukuisha. Risasi zikanyamaza, watoto wakarudi makwao, wafadhili wakapiga picha ya mwisho, mradi ukafungwa. Kila mtu alimshukuru Mungu kwa amani. Nambozo naye alishukuru, kisha akaenda chooni kulia.

Hapo ndipo Hajati Nulu alipomwita Namakwekwe, akamkalisha juu ya gunia la mchele na kumpa chai.

"Mimi sitaki kuuza shamba ya baba yako," alimwambia. "Mimi niko na kitu ingine nataka."

Alichotaka ni mwanawe. Miaka mitano nyuma, waasi walipoingia Teso, lori lake la mchele lilishambuliwa njiani kwenda Soroti. Ndani walikuwemo wanawe wawili. Zubairi, mkubwa, ndiye aliyekuwa dereva, na alirudi. Badiru, mdogo, hakurudi. Zubairi alitamka neno moja tu mlangoni, "Wamemchukua," na tangu siku ile hakusema tena lolote kwa mtu yeyote.

"Watu wanarudi kutoka porini kila wiki," Hajati alisema. "Nataka kwenda kumtafuta mtoto yangu, lakini nitaanzia wapi? Zubairi peke yake anajua. Wewe umesoma kichwa ya watu. Kaa naye Jinja. Siku utaniambia walimchukulia wapi Badiru, deni yako imekwisha. Na ng'ombe nitaweka juu."

Nambozo alijua kabisa kwamba kichwa cha mtu hakifunguliwi kwa mkataba wa mchele. Alijua, na akasema ndiyo. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Basi tuendelee.

Nyumba ya Hajati ya Mpumudde, alikoishi Zubairi, ilikuwa na ua, na ndani ya ua lilisimama lori lenyewe, matairi yamelala, nyasi zimeota mpaka kwenye ngazi ya kupandia. Zubairi alishinda humo. Asubuhi alipanda, akakaa nyuma ya usukani, akatazama ukuta mpaka jua lilipozama. Nambozo naye alipanda upande wa pili, akakaa.

Siku ya kwanza alimwambia kile alichofundishwa kumwambia kila mtu: "Utakachoniambia hapa hakitatoka hapa. Hata kwa mama yako."

Zubairi alitazama ukuta.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Nambozo alikula kwa Hajati, alilala kwa Hajati, na mshahara hakuwa nao hata wa sabuni. Aliposhindwa kuvumilia, asubuhi moja alivaa sketi yake ya mahafali, akapanda boda boda kwenda kwenye sekondari moja upande wa pili wa Mpumudde.

"Dada, umesoma mpaka wapi?" yule wa boda boda alimuuliza njiani.

"Chuo kikuu."

"Pole."

Mwalimu mkuu alimpokea vizuri sana. Alitazama cheti, akakigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Saikolojia! Nzuri sana. Tuna watoto wametoka kambi za Teso, wanalia darasani bila sababu."

"Sababu huwa ipo, mwalimu. Naweza kuwasaidia."

"Utawasaidia. Na utalala kwenye bweni la wasichana, uwachunge. Netiboli unaijua?"

"Netiboli?"

"Bajeti haina mshauri, binti yangu. Ina mwalimu wa michezo. Laki moja na nusu kwa mwezi, ikipatikana."

Nambozo alirudi kwa miguu ili asimlipe yule wa kumpa pole. Njiani alipiga hesabu. Angetoa sabuni, angetoa nauli ya kwenda nyumbani, angekula shuleni ugali na maharage bila kulalamika, kinachobaki angempa Hajati. Alihesabu tena kwa kujionea huruma, na mara ya tatu bila huruma. Deni lingeisha akiwa na wajukuu, na hapo hatujamgusa ng'ombe.

Yule wa boda boda, kwa taarifa yenu, alipata kiasi hicho kwa wiki mbili. Nambozo aliwahi kumuuliza, akatamani asingeuliza.

Alipofika tu getini simu ikalia. Ilikuwa ni mdogo wake, Gidudu, lakini kabla ya sauti yake zilisikika njuga.

"Dada! Unasikia?"

"Gidudu, hiyo ni nini?"

"Ni mimi! Nimevaa tangu juzi. Nimeshacheza kwa mashangazi wote, wamenipa kuku."

Nambozo alishika geti. Ulikuwa mwaka wa tohara, unaorudi kila baada ya miaka miwili. Kwa Wagisu kijana akishavaa njuga, akapakwa unga wa wimbi na kutangaza mbele za watu kwamba anakwenda kukatwa, hakuna kuzivua mpaka kisu. Akirudi nyuma, hata akija kuwa mzee mwenye mvi, ataitwa mvulana.

"Nani alikuambia uvae? Ng'ombe hajapatikana!"

"Baba alisema nisubiri miaka miwili. Mimi nikamwambia, dada yangu iko na digrii. Mtu amesoma akili ya watu wote, atakosa ng'ombe moja?"

Alisema bila kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Nambozo. Kijana aliamini kweli.

"Mjomba anasemaje?"

Njuga zilinyamaza.

"Mjomba anasema hajamaliza kulipwa dada yake. Bila ng'ombe yake, hanipaki."

Kupakwa ndiko kwenyewe. Mjomba, ndugu wa mama, huchinja ng'ombe, akachota majani yaliyosagika tumboni mwake, akampaka kijana kifuani na usoni. Ndipo kijana husimama mbele ya kisu akijua upande wa mama umemwachilia kwa baraka. Asiyepakwa husimama mkavu, na watu husubiri kuona kama atatetemeka. Gidudu angetetemeka. Nambozo alimjua, alikuwa mtoto wa kuogopa hata sindano ya zahanati.

"Dada? Utanipatia, siyo?"

"Nitakupatia," akasema, akakata simu.

Alipanda ndani ya lori akafunga mlango kwa kishindo. Hakukumbuka kukaa kitaalamu, hakukumbuka kuweka mikono magotini. Alilia kwa sauti, akalaani shahada, akalaani saikolojia, akamlaani mwalimu mkuu na netiboli yake.

"Mtu mzima mimi!" alilia. "Nimesoma mpaka nimemaliza shamba la baba, na sina hata ng'ombe!"

"Ng'ombe gani?"

Nambozo aligeuka. Ndani ya lori walikuwa wawili tu.

"Umesema nini?"

Zubairi alikohoa. Sauti yake ilikwaruza. "Nauliza. Ng'ombe gani?"

Vitabu vyake vyote vilikuwa na sura nzima kuhusu namna ya kumfanya mtu azungumze. Hakuna kilichosema kwamba mshauri aangue kilio kwanza. Alijifuta pua, akamweleza habari za ng'ombe.

Kesho yake Zubairi aliuliza kama mjomba angekubali mbuzi. Siku iliyofuata alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau njia yake, kuhusu dereva mmoja Mkenya, Odero, aliyewahi kupeleka mbuzi mpakani Malaba, alipofika walikuwa wameshakula karatasi zote za forodha. Alikuwa mtu wa maneno mengi kumbe! Nambozo alimsikiliza. Aliona shamba la migomba linarudi. Aliona Gidudu anapakwa. Hakumuuliza kuhusu Badiru, maana alijua mtu hasukumwi, na pia, tuseme ukweli, aliogopa kuharibu.

Zubairi alifika huko mwenyewe, mchana mmoja mvua ilipoanza kudondoka juu ya paa la kabini.

"Tanboi, msaidizi wa dereva, anakaa juu ya mzigo," alisema akitazama juu. "Haoni dereva, dereva hamuoni. Wanaongea na bodi. Akigonga moja, twende. Akigonga mbili, simama. Kila dereva anajua, mpaka Mombasa."

"Badiru ndiye alikuwa tanboi wako."

"Mama hakutaka mtu ingine aguse mchele yake."

Mvua ilizidi. Nambozo hakusogea.

"Risasi ilianza upande wa kushoto. Nikainama hivi. Halafu nikasikia juu yangu. Ngo, ngo. Mbili."

"Ukasimama?"

Ni swali ambalo mshauri haulizi. Lilimtoka.

"Nikakanyaga mafuta," Zubairi alisema.

Alizungumza muda mrefu baada ya hapo, na hakugeuza uso hata mara moja. Alikimbiza lori mpaka kwenye kituo cha jeshi. Aliposhuka, juu ya magunia hakukuwa na mtu, kulikuwa na kamba iliyokatika. Asubuhi alirudi na wanajeshi. Walimkuta Badiru kando ya barabara, karibu na daraja dogo, amelala kama mtu aliyechoka.

"Afande akasema, zika haraka tuondoke, hapa si pazuri. Akanipa jembe yao. Nikamfunika na turubai ya mchele. Sikumuosha, Nambozo. Nilianza Fatiha, katikati ikanipotea."

"Hukuwa na..."

"Ngoja. Nikafika nyumbani. Mama akatoka mbio, akauliza, Badiru wapi? Nikasema, wamemchukua. Neno moja. Nikaona uso yake. Alifurahi! Aliyechukuliwa yuko hai, iko siku atarudi. Sasa mimi nitaanzia wapi kurudi nyuma? Nikaona afadhali nisiongee tena."

Nambozo alitaka kumshika mkono. Hakumshika. Hajati alitaka kujua walimchukulia wapi Badiru. Hakuna aliyemchukua. Kitu alichokuwa amekifuata miezi yote hii, chenye bei ya shamba na ng'ombe, sasa alikuwa nacho mkononi, na hakuna mahali pa kukiuza.

"Mama yako anapaswa kujua," alisema polepole. "Si kutoka kwangu. Kutoka kwako. Tutajiandaa, mimi na wewe, hata ikichukua mwaka."

"Ulisema haitatoka hapa. Siku ya kwanza ulisema. Hata kwa mama."

"Nilisema."

"Siku mama akijua kabla sijawa tayari, mimi hamtanikuta."

Nambozo alikuwa amekaa na watoto wa porini, alijua vitisho vya mdomo na alijua maneno ambayo si vitisho. Haya hayakuwa vitisho.

"Haitatoka hapa," akamwambia.

Sasa, wasomaji wangu, kwenye kila ua kuna ukuta, na nyuma ya kila ukuta kuna mtu. Nyuma ya ukuta wa Mpumudde alikuwepo Babirye, muuza makaa, mwanamke mwenye roho nzuri na masikio marefu. Maneno hakuyasikia, maana mvua ilikuwa kubwa. Alisikia sauti tu, sauti ya mwanamume ikizungumza ndani ya lori la maiti aliye hai, kama alivyozoea kumwita Zubairi. Aliangua kigelegele, akachukua simu, akampigia Hajati.

Nambozo hakujua. Alilala siku ile akitafuta namna ya kumwambia Hajati ampe muda, na namna ya kumwambia Gidudu asimame mkavu na asitetemeke. Maneno ya Hajati aliyapata. Ya Gidudu hakuyapata.

Keshokutwa yake simu ililia mchana. Njuga, ngoma, watu wanaimba, mtu anapuliza filimbi.

"Dada! Amekuja!"

"Nani amekuja?"

"Ng'ombe! Mwekundu, mnono, ameletwa na pikapu ya Hajati mpaka kwa mjomba! Nilisema mimi! Nilisema dada yangu iko na digrii!"

Nambozo aliangusha sahani aliyokuwa anaosha.

"Gidudu, sikiliza. Msimguse. Mrudisheni. Mwambie mjomba asi..."

"Mjomba ameshachinja! Nimepakwa mpaka masikioni! Sisikii vizuri, ngoja, baba anataka simu."

Mzee Wamboga hakuwa mtu wa simu. Aliishika mbali, akapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mwanangu!"

"Baba, ng'ombe yule..."

"Nilikuwa nasema vibaya juu ya ile shahada yako. Nilisema mbele ya watu kwenye pombe kwamba nimepeleka shamba langu chuoni likapata alama mbaya. Leo nimefuta, mbele ya watu walewale. Hajati ametuma mtu na maneno. Amesema shamba limerudi. Amesema umemfungua mwanawe kinywa."

"Baba, hilo la kinywa..."

"Mama yako analia. Na mimi nalia, lakini usimwambie mtu. Kesho kijana anakatwa. Hatatetemeka huyu, nimemwona macho. Saikolojia, siyo? Sasa naijua."

Akaiweka simu kando bila kuikata.

Nambozo alikaa chini kati ya vipande vya sahani. Ng'ombe alikuwa ameshaliwa nusu. Hata angeuza sketi ya mahafali na cheti chenyewe, nyama hairudi kwenye mifupa, na yale majani hayatoki kwenye kifua cha Gidudu. Amelipwa. Amelipwa mbele ya ukoo mzima, kwa mzigo asioweza kuufikisha. Alihisi kuta za ule ua zimemsogelea, na hakuona pa kupitia.

Akainuka kwenda kwenye lori kumwambia Zubairi. Hakufika. Gari lilipiga honi getini.

Hajati Nulu aliingia akicheka na kulia kwa pamoja, mtandio umemwangukia mabegani. Nyuma yake Babirye alichungulia kwa furaha, akajiona amezidi, akarudi kwake nyuma ya ukuta. Hajati alimkumbatia Nambozo mpaka akamnyanyua kidogo kutoka chini.

"Mtoto yangu! Allah akulipe! Nimefunga duka. Nimekodi gari, dereva anangoja nje, tutaenda Soroti leo, tutaenda hata Sudani." Alifungua mfuko akatoa viatu vipya vya ngozi, vya kiume. "Angalia. Sijui mguu yake sasa namba ngapi. Aliondoka bado anakua, nimechukua kubwa."

"Hajati..."

"Zubairi wapi? Ah, mwache kwanza. Mimi nikimkaribia anafunga mdomo, namjua. Amekwambia wewe, inatosha. Sema. Walimchukulia wapi Badiru yangu?"

Nambozo alitazama viatu.

Uongo ulikuwa mwepesi, ulikuwa tayari mdomoni. Aseme walivuka naye kwenda Sudani. Hajati angeshukuru, angekwenda, angezunguka kambi zote na viatu mkononi, angerudi na kungoja tena, na hakuna ambaye angekuja kudai ng'ombe. Baba angebaki na shamba. Gidudu angesimama kesho mbele ya kisu. Na mwanamke huyu angengoja mpaka afe.

Ukweli ulikuwa wa Zubairi, si wake. Akiutoa, amevunja neno pekee alilowahi kumpa mtu kwa jina la elimu yake. Na pengine kesho angekuta lori tupu.

Akinyamaza, ni mwizi wa ng'ombe.

Alipima yote matatu kwa wakati mmoja. Aliwaza wale wahadhiri waliomfundisha kwa miaka mitatu. Alitamani mmoja wao awe hapa, asimame pale kwenye ukuta wa Babirye, amwambie la kufanya.

"Binti, nakuuliza," Hajati alisema, bado anatabasamu. "Usinione mzee, nitaweza kusikia. Hata kama ni mbali. Sema tu ni wapi."

Nambozo alifumbua mdomo.

Ngo, ngo.

Sauti ilitoka kwenye lori. Mtu alikuwa amegonga paa la kabini kutoka ndani, kwa ngumi, mara mbili. Nambozo alijua maana yake.

Hajati aligeuka. Uso wake wote uling'aa.

"Sikia! Umesikia? Hivyo ndivyo Badiru alikuwa anagonga! Mbili, simama!" Alishika mkono wa Nambozo akaubana kwa furaha. "Anamkumbuka ndugu yake. Unajua walikuwaje wale? Mimi nilikuwa nawagombeza, mnachelewesha mchele. Badiru akiona mahindi ya kuchoma, anagonga. Akiona msichana, anagonga. Na Zubairi alikuwa anasimama. Kila mara alikuwa anasimama, huyu, hata kwa mahindi."

Ngo, ngo. Safari hii kwa nguvu zaidi, mpaka kutu ikadondoka juu ya kioo.

Nambozo alitazama kioo kile. Nyuma yake hakuona uso, aliona tu mkono umeinuliwa kwenye paa, umebaki hapohapo, unangoja kuona kama Nambozo atasimama au ataendelea.

Kwa mbali, kwenye simu aliyosahau kuifunga vizuri, njuga zilikuwa zinalia.

"Hajati," alisema, "kaa chini kwanza."

Hajati Nulu hakukaa. Tabasamu lilikuwa bado liko, lakini mkono uliokuwa umeshika viatu ulishuka taratibu. Upande ule wa nchi hakuna mama asiyejua mtu huambiwa akae lini.

"Kwa nini nikae?" akauliza.